Grenada, Nchi Iliyoweka Kungumanga Kwenye Bendera

Ukiitazama bendera ya Grenada kwa mbali utaona nyekundu, njano, kijani na nyota saba, na si ajabu ukaidhania kuwa ya nchi fulani ya Afrika Magharibi. Ukiisogelea ndipo utakapoona, kwenye pembetatu ya kijani iliyo upande wa mlingoti, tunda dogo la njano lililopasuka na kuonyesha wekundu ndani yake. Ni kungumanga. Bendera hiyo ilipandishwa mara ya kwanza tarehe 7 Februari 1974, siku ya uhuru, na tangu hapo wananchi wa nchi hiyo ya Karibiani wameapishwa, wameshangilia michezo na wamezikana chini ya picha ya kiungo cha jikoni.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Kwetu karafuu ndiyo iliyonunua madaftari na sare za shule, na msimu wake ndio uliopanga lini harusi ifungwe na lini deni la dukani lilipwe. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Grenada kutoka Toronto, ninakoishi, sikuvutwa na ufukwe wa Grand Anse, ingawa ni mzuri kama wanavyousifu. Nilitaka kuwaona watu wengine walioyafunga maisha yao kwenye mti mmoja, na kujua mti huo umewatendea nini.

Watu wengi wa rika langu walilisikia jina la Grenada redioni, Oktoba 1983, jeshi la Marekani liliposhuka huko. Habari hiyo ni nzito, nami nitaifikia. Hata hivyo, naona kwamba anayeanza na wiki hiyo huishia kukiona kisiwa kama uwanja wa ugomvi wa wakubwa, ilhali anayeanza na mti huwaona wenyeji kwanza: nani alikuwa na kipande cha ardhi, nani alikuwa kibarua, na nani aliweza kungoja.

Nchi yenyewe ni ndogo. Kilomita zake za mraba ni 344 tu, ukijumlisha kisiwa kikuu, Carriacou na Petite Martinique, maana yake Pemba peke yake inaizidi karibu mara tatu, na wakazi wake wamezidi laki moja kwa kiasi kidogo. Ipo karibu na mwisho wa kusini wa safu ya visiwa vinavyoitenga Bahari ya Karibiani na Atlantiki, kiasi cha kilomita 150 kaskazini ya Trinidad. Ni kisiwa cha volkano. Mlima St Catherine unafika mita 840, na katikati ya kisiwa, penye urefu wa mita 530 hivi, lipo ziwa la Grand Etang lililojaa ndani ya kreta ya zamani. Bandari ya St. George's, mji mkuu, nayo ni kreta iliyoingiwa na bahari, ndiyo sababu nyumba za mji huo zimepandana juu ya vilima vinavyoizunguka, paa la mmoja likiwa usawa wa kibaraza cha mwingine. Moto wa chini haujazimika wote: kilomita nane kaskazini ya kisiwa kikuu kuna volkano iliyo chini ya maji iitwayo Kick 'em Jenny, iliyojulikana ilipolipuka mwaka 1939, na vyombo vya baharini hutakiwa kuizunguka kwa mbali.

Milima hiyo ndiyo inayoleta mvua. Upepo wa Atlantiki unapoipanda humwaga zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka kwenye misitu ya ndani, wakati ncha ya kusini-magharibi, palipo na hoteli nyingi, ni kavu kiasi cha kuota dungusi kakati na miiba. Carriacou haina hata mto mmoja, na watu wake hukinga maji ya mvua kutoka mapaa yao na kuyaweka kwenye matangi ya saruji. Nilipanda basi dogo kutoka St. George's kwenda Grenville, upande wa pili, na ndani ya safari isiyofika saa moja na nusu nilipita jua, ukungu, mvua ya kumwaga na jua tena. Basi lilipiga muziki kwa sauti ambayo abiria wa daladala asingeiona ngeni hata kidogo.

Wenyeji wa kwanza wanaojulikana kwa majina yao walikuwa Wakalinago, waliokiita kisiwa Camerhogne. Columbus alikipita mwaka 1498 bila kushuka. Waingereza walijaribu kukaa mwaka 1609 wakafukuzwa. Wafaransa kutoka Martinique ndio walioweza, mwaka 1649, chini ya Jacques du Parquet, na muda mfupi baadaye vita vikaanza. Kaskazini ya kisiwa, katika mji unaoitwa Sauteurs, upo mwamba mrefu juu ya bahari ambapo, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoandikwa na Wafaransa wenyewe, Wakalinago wapatao arobaini walijitupa baharini mapema katika miaka ya 1650 badala ya kukamatwa. Leo kanisa na makaburi ya Wakatoliki viko jirani kabisa na mwamba huo.

Yaliyofuata ni historia ya sukari, na ni historia iliyofanana katika visiwa vingi mno vya eneo hilo hata sioni haja ya kuikokota yote. Waafrika waliletwa kwa maelfu kutoka pwani ya magharibi na ya Kongo, wakafanya kazi na kufa mashambani. Kisiwa kilichukuliwa na Waingereza mwaka 1762, kikarudi kwa Wafaransa mwaka 1779, kisha Waingereza wakakabidhiwa tena mwaka 1783. Majina ya vijiji yamebaki nusu ya Kifaransa na nusu ya Kiingereza, na Kifaransa cha kienyeji walichokisema mababu sasa kinakumbukwa na wazee wachache.

Tukio moja katika kipindi hicho linastahili kusimuliwa. Julien Fédon alikuwa mtu huru mwenye asili ya Kiafrika na Kifaransa, Mkatoliki, mwenye shamba liitwalo Belvidere lenye watumwa. Serikali ya Waingereza iliwanyima watu wa namna yake haki zao za kisiasa, huku habari za mapinduzi ya Ufaransa na za Haiti zikisambaa kutoka bandari hadi bandari. Machi 1795 Fédon aliwaachia huru watumwa wake na kuanzisha uasi uliokiweka karibu kisiwa kizima mikononi mwa waasi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Gavana Ninian Home alikamatwa, na mwezi uliofuata akauawa pamoja na mateka wengine 47 kambini mlimani. Uasi ulizimwa Juni 1796, na kulipiza kisasi kukafanywa kwa ukatili. Fédon mwenyewe hakupatikana. Wengine husema alizama akijaribu kuvuka kwenda Trinidad, wengine husema alifika. Njia inayopanda hadi kambi yake ina utelezi na matope hata wakati wa kiangazi, na baada ya saa moja ya kuipanda nilielewa vizuri kwa nini askari waliovaa makoti ya sufu walichukua muda mrefu kiasi kile.

Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na miaka minne baadaye watu wakawa huru kwelikweli. Hapo ndipo mti wetu unapoingia. Inasimuliwa kwamba kungumanga ilipandwa Grenada mwaka 1843, katika shamba lilelile la Belvidere, kwa mbegu zenye asili ya visiwa vya Banda, Indonesia. Sukari ilikuwa ikididimia, wenye mashamba makubwa wakiuza vipande, na watu waliotoka utumwani wakitafuta ardhi milimani, mbali na kengele ya msimamizi. Wahindi wa mikataba walioanza kuletwa mwaka 1857 kufanya kazi mashambani, nao wakimaliza mikataba yao, waliingia kwenye mkondo huohuo. Miwa hutaka shamba kubwa, kiwanda na jeshi la vibarua. Mkungumanga hutaka mteremko wenye mvua, kivuli, na familia yenye subira. Unaweza kuwa na miti ishirini nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mikakao, na ukawa mkulima. Ndivyo Grenada ilivyopata kile ambacho Barbados haikukipata kwa kiwango hicho, yaani tabaka pana la wakulima wadogo wenye mashamba yao wenyewe.

Subira hiyo si maneno matupu. Mche wa kungumanga uliotokana na mbegu hukaa miaka saba hata tisa kabla ya kuzaa vizuri, na huendelea kuongeza mazao hadi ufike miaka ishirini. Kisha kuna kitendawili cha jinsia: kama mpapai, mkungumanga una dume na jike, na mkulima hawezi kujua amepanda nini mpaka mti utoe maua, jambo linaloweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Akigundua kuwa nusu ya shamba lake ni midume, anaiacha michache kwa ajili ya uchavushaji na mingine anaitia shoka. Kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo cha mti jike kwenye mche mwingine, kunasaidia, lakini ni kazi inayotaka ufundi, na miche iliyobebeshwa haijawahi kutosha.

Gouyave, mji wa wavuvi katika pwani ya magharibi, una kituo kikubwa cha ushirika cha kuandaa kungumanga, jengo la ghorofa lenye sakafu za mbao zilizolainishwa na miaka ya nyayo. Mkulima anafika na gunia lake. Kungumanga haipandiwi wala haichumwi kama karafuu. Tunda likiiva linapasuka na kudondoka, na kazi ya kuokota chini ya mti hufanywa zaidi na wanawake na watoto. Ganda la nje, ambalo ni nene na chachu kidogo, hutengenezwa jemu na sharubati. Basibasi, ule utando mwekundu kama damu uliolikumbata kokwa, hubanduliwa kwa vidole na kuuzwa peke yake kwa bei ya juu zaidi. Kokwa lenyewe hupandishwa ghorofani na kutandazwa kwenye trei za mbao, kivulini, wiki sita hadi nane, likigeuzwa kwa reki mpaka punje ya ndani isinyae na kulia ukitikisa.

Niliposimama karibu na meza ya kuchagulia nilimwona mama mmoja akizimimina punje zilizokwisha kubanguliwa ndani ya pipa la maji. Zilizozama alizipeleka kwenye trei ya kusafirishwa. Zilizoelea alizichota kwa ungo na kuziweka kando, kwa ajili ya kukamua mafuta. Hakuna mashine iliyohusika, na uamuzi ulichukua sekunde chache. Kisha punje hupimwa ukubwa, hutiwa kwenye magunia ya juti, na kijana mmoja mwenye brashi na kibati kilichotobolewa herufi hupaka wino mweusi jina la bandari ziendako. Nilimweleza mama yule kwamba kwetu tunaanika karafuu juani kwenye majamvi na kutenganisha makonyo kwa mkono. Aliniuliza, bila kuacha kazi, “Na mvua ikija?” Nikamwambia tunakimbia. Akacheka sana.

Ushirika huo, Grenada Cooperative Nutmeg Association, uliundwa mwaka 1947 na kupewa kwa sheria haki ya pekee ya kuuza kungumanga nje. Mkulima hulipwa malipo ya kwanza akileta mzigo, na baadaye, hesabu za mwaka zikifungwa na soko likiwa limeitika, hupata nyongeza. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa mfumo huo. Sisi nasi tuna mnunuzi mmoja, shirika la serikali la ZSTC, na tunayajua manung'uniko yanayoandamana na mnunuzi mmoja, pamoja na mashua zilizokuwa zikiondoka usiku na karafuu za magendo kuelekea Mombasa. Tofauti ninayoiona ni kwamba ushirika wa Grenada ulianza kama chombo cha wakulima wenyewe, wakachagua wajumbe wa bodi, na ingawa mara kadhaa umelalamikiwa kuwa umezidiwa na urasimu, bado mkulima huusema kama mtu anavyomsema ndugu mkubwa aliyemkosea.

Adui wa kweli wa mti huu ni upepo. Mizizi ya mkungumanga haiendi chini sana, na kilele chake ni kizito. Kimbunga Janet kilipopiga Septemba 1955 kiliua watu zaidi ya 100 na kuangusha sehemu kubwa ya miti ya nchi nzima. Watu walipanda upya, wakangoja, na kufikia mwisho wa karne Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia. Kisha tarehe 7 Septemba 2004 kikaja Ivan. Watu 39 walikufa, nyumba karibu tisa kati ya kila kumi ziliharibika, na vilima vya katikati vilibaki vimesimamisha vigogo visivyo na jani. Wakulima wengi walikuwa wamezeeka. Mtu wa miaka sitini na tano akiambiwa apande mti utakaomlipa akiwa na sabini na tatu hufanya hesabu nyingine, na wengi waligeukia kakao, ambayo huzaa mapema zaidi, au wakaacha shamba kabisa.

Historia yetu ina Ivan yake. Tufani ya Aprili 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ikaiacha Pemba ikiwa nzima kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kitovu cha karafuu kikahamia Pemba. Mengi ya yaliyotokea baadaye kwetu, hata katika siasa, yana mizizi katika upepo uliopita siku moja na kukipiga kisiwa kimoja ukakiacha kingine. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaoandika historia ya visiwa kana kwamba hali ya hewa ni pazia tu la nyuma ya jukwaa.

Sasa siasa. Mwaka 1951 mwalimu wa zamani aitwaye Eric Gairy, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye viwanda vya mafuta vya Aruba, aliongoza vibarua wa mashamba katika mgomo mkuu ambao watu waliubandika jina la “Sky Red”, kwa sababu ya mashamba na majengo yaliyochomwa moto usiku. Vibarua walishinda nyongeza, Gairy akawa shujaa, na mwaka 1974 ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi huru. Lakini kwa wakati huo alikuwa akitawala kwa msaada wa genge lake la vijana wakorofi lililojulikana kwa jina la Mongoose Gang, na wiki chache kabla ya uhuru polisi walimpiga risasi na kumuua Rupert Bishop, mfanyabiashara, wakati wa maandamano. Mwanawe, Maurice, wakili aliyesomea London, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha New Jewel Movement mwaka 1973.

Hapo kuna uzi unaofika hadi kwetu. Vijana wa chama kile walikuwa wakisoma maandishi ya Mwalimu Nyerere, na ilani yao ya kwanza, yenye mabaraza ya vijiji na kilimo cha ushirika, ina harufu ya ujamaa. Mkutano wa sita wa umajumui wa Afrika ulipofanyika Dar es Salaam Juni 1974, serikali za Karibiani zilishinikiza vyama vya upinzani visialikwe, na mwanafikra wa Trinidad C. L. R. James, mmoja wa waliouasisi mpango wa mkutano huo, akasusia kwa sababu hiyo. Kabla ya hapo, Oktoba 1964, Malcolm X alikuwa Dar es Salaam na kuonana na Nyerere. Mama yake, Louise Langdon, alizaliwa La Digue, kijiji kilicho kilomita chache kutoka Grenville.

Tarehe 13 Machi 1979, Gairy akiwa New York, watu wasiozidi hamsini waliivamia kambi ya jeshi ya True Blue, wakaiteka redio, na kufikia jioni serikali ilikuwa imeanguka. Maurice Bishop alikuwa na umri wa miaka 34. Serikali yake ilifanya mambo ambayo hata wapinzani wake hawayakani: elimu ya sekondari bila ada, kampeni ya kusoma na kuandika, sheria ya likizo ya uzazi yenye malipo, na uwanja mpya wa ndege huko Point Salines uliojengwa na mamia ya Wakuba. Vilevile ilifunga magazeti, iliwaweka watu kizuizini bila mashtaka, na haikuitisha uchaguzi. Sikubali hoja ya kwamba mizani hizo mbili zinafutana. Mkulima niliyezungumza naye karibu na Grenville alisoma kidato cha nne kwa sababu ya mapinduzi, na mjomba wake alikaa jela kwa sababu ya mapinduzi, na anayasema yote mawili kwa sauti ileile.

Chama kilijila chenyewe. Oktoba 1983 wenzake Bishop, kundi lililomwelekea naibu wake Bernard Coard, walimweka katika kizuizi cha nyumbani. Tarehe 19 umati ulimtoa, ukaandamana naye hadi ngome inayoitazama bandari, ambayo wakati huo ilipewa jina la baba yake. Askari walikuja na magari ya deraya. Bishop, waziri wa elimu Jacqueline Creft na wengine kadhaa walisimamishwa kwenye ukuta wa ua wa ndani wakapigwa risasi. Miili yao haijapatikana hadi leo. Siku sita baadaye, tarehe 25, Marekani ilivamia, ikisema inawaokoa wanafunzi wake wa udaktari na kwamba majirani wa Grenada wameomba msaada. Askari 19 wa Marekani waliuawa, pamoja na Wagrenada wapatao 45 na Wakuba zaidi ya ishirini. Katika Baraza la Usalama nchi 11, Zimbabwe ikiwemo, ziliunga mkono azimio la kulaumu uvamizi. Marekani ikapiga kura ya turufu, na Zaire ya Mobutu ilikuwa miongoni mwa nchi tatu zilizojizuia. Baraza Kuu nalo lililaumu, kwa kura 108 dhidi ya 9.

Cha ajabu, wananchi wengi wa Grenada waliupokea uvamizi kwa nafuu, maana walikuwa wamefungiwa ndani kwa amri ya kutotoka na jeshi lililokwisha kumuua kipenzi chao. Tarehe 25 Oktoba ilifanywa sikukuu ya shukrani. Mwaka 2009 uwanja wa Point Salines ulipewa jina la Maurice Bishop, na mwaka 2023 serikali iliitangaza tarehe 19 Oktoba kuwa siku ya mashujaa wa taifa. Ukipita uwanja wa zamani wa Pearls, upande wa mashariki, utakuta ndege mbili za muundo wa Kisovieti zikioza pembeni mwa njia ya kurukia, na mbuzi wamefungwa kamba kwenye majani yanayozizunguka.

Sikula chakula chochote Grenada kilichonirudisha nyumbani kama “oil down”, ambacho ndicho chakula cha taifa. Shelisheli humenywa na kukatwa vipande vikubwa, hupangwa chunguni juu ya nyama ya chumvi, pamoja na ndizi mbichi, karoti na madonge ya unga wa ngano yaliyoviringishwa kwa viganja. Majani ya majimbi hufunika vyote. Kisha humiminwa tui zito lililotiwa manjano, chungu kikafunikwa, na hakikorogwi. Kinaachwa mpaka tui lote linywewe na mafuta ya nazi yaonekane chini, na hapo ndipo jina lilipotoka. Kwa kawaida nyama huwa ya nguruwe, lakini wenyeji wangu, bila mimi kusema neno, walinipikia cha samaki wa chumvi. Shelisheli lilipelekwa Karibiani mwaka 1793 na Kapteni Bligh kutoka Tahiti ili liwe chakula rahisi cha watumwa. Sisi tunalila na tui bila kuuliza lilikotoka.

Carriacou inataka makala yake yenyewe. Kule ngoma kubwa, Big Drum, bado hupigwa kwa mataifa: Wakromanti hutangulia, kisha Waigbo, Wamanding, Wakongo na wengine, kila ukoo ukijua mdundo wake, ikiwa imepita zaidi ya karne mbili tangu babu zao washushwe melini. Ngoma hiyo huandamana na chakula kinachotolewa kwa ajili ya waliotangulia, kinachoitwa saraka, na kwa msomaji wa Kiswahili sitaongeza neno. Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, wanaume waliovaa mashuka ya rangi na vinyago hukutana njia panda na kushindana kughani hotuba za Julius Caesar ya Shakespeare kwa moyo, na anayekosea mstari hupigwa kiboko na mpinzani wake. Tamthilia hiyohiyo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963. Nimejaribu kumfikiria akiwa amesimama njia panda ya Carriacou na fimbo yake, na sina wasiwasi kuhusu nani angechapwa.

Kwenye kijiji cha Windward, kaskazini-mashariki ya Carriacou, mafundi hujenga majahazi ufukoni bila ramani ya karatasi. Mkuku hulazwa mchangani, mataruma huchongwa kutoka matawi yaliyojipinda yenyewe msituni, na chombo kikiwa tayari kushushwa huchinjwa mbuzi au kondoo, watu wakakivuta kwa kamba na nyimbo. Fundi aliyenionyesha kazi yake aliniuliza kama kweli kwetu bado tunatia kalafati kwa pamba na mafuta. Nilimwambia ndiyo, kwa mafuta ya nazi au ya papa. Ufundi wa Carriacou na Petite Martinique uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO Desemba 2023.

Miezi saba baadaye, tarehe 1 Julai 2024, kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou kikiwa cha daraja la nne na kuharibu karibu kila jengo kisiwani, kikaangusha pia miti ya kungumanga kaskazini mwa kisiwa kikuu. Safari hii, hata hivyo, palikuwa na kitu kimoja kipya. Baada ya Ivan nchi ilizama kwenye madeni, ikashindwa kulipa, na katika mapatano ya mwaka 2015 ilifanikiwa kuingiza kwenye hati za dhamana kifungu kinachoiruhusu kuahirisha malipo ikipigwa na kimbunga. Mwezi Agosti 2024 Grenada ilikitumia kifungu hicho, na fedha zilizokuwa ziende kwa wadai zikabaki nyumbani kwa ajili ya mapaa na matangi ya maji. Miche ya kungumanga iliyopandwa baada ya Beryl haitaanza kuzaa vizuri kabla ya mwaka 2031 au 2032, na isipokuwa ile iliyobebeshwa, karibu nusu yake itakuja kuonekana kuwa ni midume.